Je, Wajua? Falsafa Iko Barazani

Je, wajua kwamba mtu akijiita mwanafalsafa hajajisifu? Neno falsafa limetufikia kupitia Kiarabu, nao Waarabu walilipokea kutoka kwa Wagiriki, ambao kwao philosophia ni kuipenda hekima. Kupenda si kupata. Mwenye kupenda bado anatafuta, bado anabisha hodi. Mapokeo yanasema Pythagoras ndiye aliyejiita hivyo kwanza, kwa kuona kwamba kuitwa mwenye hekima kunamzidi kimo.

Je, wajua kwamba wanafalsafa waitwao Wastoa walipata jina hilo kwa sababu ya baraza? Zeno, mzaliwa wa Citium katika kisiwa cha Kupro, alianza kufundisha Athens mnamo mwaka 300 KK. Hakuwa na shule. Alikaa na wanafunzi wake kwenye ukumbi wa wazi wenye nguzo na michoro ukutani, karibu na soko, watu wakipita na mizigo yao. Wagiriki waliuita ukumbi wa namna hiyo stoa. Mtu wa Lamu au Unguja angewaita watu wa barazani, na asingekosea.

Je, wajua kwamba katika watu hao wa barazani walikuwemo mtumwa na mfalme? Epictetus alizaliwa utumwani. Marcus Aurelius alikuwa Kaizari wa Roma. Fundisho lao lilikuwa moja: lililo katika uwezo wako lishughulikie, lisilo katika uwezo wako lisikunyime usingizi.

Je, wajua kwamba Socrates, anayetajwa kuliko wanafalsafa wengi, hakuandika kitabu hata kimoja? Mama yake alikuwa mkunga, naye akasema kazi yake ni hiyo hiyo: kuwazalisha wenzake mawazo waliyoyabeba. Alizunguka sokoni akiuliza. Ushujaa ni nini? Haki ni nini? Waliojiona wanajua walijikuta hawajui, na wengine hawakumsamehe. Mwaka 399 KK, akiwa na miaka 70 hivi, alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Akahukumiwa kunywa sumu.

Saa yake ya mwisho ameisimulia Plato, mwanafunzi wake, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuwapo gerezani siku hiyo kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Socrates alikunywa kikombe chote, akatembea chumbani mpaka miguu ikawa mizito, akalala chali. Mtu aliyeleta sumu akamfinya unyayo kwa nguvu, akamuuliza kama anasikia. Hapana. Akamfinya muundi, halafu juu zaidi, akiwaonyesha rafiki zake jinsi baridi inavyopanda. Mzee akafunua uso mara moja tu, kumkumbusha rafiki yake Crito kwamba wanadaiwa jogoo wa sadaka, asisahau kulipa. Kila ninapofika pale kwenye jogoo, nasimama. Mtu anakufa kwa ajili ya mawazo yake, na bado anakumbuka deni.

Je, wajua kwamba Kiswahili nacho kina kesi kama hiyo? Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi ya angani ambako kijana Karama anashtakiwa kwa kueneza elimu ya sheria. Mashtaka yanasomwa na waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa siku sita, kila siku akisimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kutafuta mema ya nchi, akarudi nayo, akalipwa kifungo. Hii ni falsafa ya siasa, tawi linalouliza kwa haki gani mtu mmoja awatawale wengine, na raia afanye nini sheria ikiwa mbovu. Ilitolewa kwa hadithi katika Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza. Athens ilimuua Socrates. Kusadikika ilimwachia Karama na kuwafungua wafungwa wake. Wanafunzi wengi husoma kitabu hicho kwa ajili ya mtihani wa fasihi tu, na mimi naona wanapunjwa.

Je, wajua kwamba jina metafizikia linasemekana kutokana na mpangilio wa vitabu? Aristotle alikuwa amekufa zamani pale Andronicus wa Rhodes alipopanga maandishi yake katika karne ya 1 KK. Yale yaliyouliza kuwapo maana yake nini, na chanzo cha vyote ni kipi, yaliwekwa baada ya yale ya fizikia. Kigiriki “meta” ni baada. Tawi zima likapata jina.

Lakini swali la metafizikia unaweza kuligusa kwa mkono. Nenda pwani yanakopandishwa majahazi kwa matengenezo. Fundi anang'oa ubao uliooza ubavuni, anachonga mpya, anaupigilia kwenye mataruma, anashindilia pamba katika nyufa, kazi tunayoiita kalafati. Chombo kinapakwa mafuta na kurudi majini. Mwaka unaofuata ni zamu ya ubao mwingine. Miaka ikizidi kupita hakuna ubao wa kwanza uliobaki, labda hata mkuku umebadilishwa. Jina ubavuni ni lile lile, na nahodha anakwambia hili ni jahazi la babu yake. Je, ni lile? Plutarch aliandika kwamba wanafalsafa walibishana juu ya chombo cha shujaa Theseus, ambacho Waathene walikitunza kwa kukibadilisha mbao moja moja. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza utata: je, mtu akiziokota mbao zote za zamani akaziunga upya, jahazi la babu litakuwa lipi?

Mimi niko upande wa nahodha. Chombo ni umbo lake, safari zake na watu wanaokitambua, si mbao peke yake. Ila nikirudisha swali kwenye mwili wangu, ambao nao haukuacha kubadilika tangu nilipozaliwa, jibu langu linakuwa la taratibu zaidi.

Je, wajua kwamba ngeli za lugha za Kibantu zimewahi kuwa msingi wa kitabu cha falsafa? Padri Alexis Kagame wa Rwanda alikichapisha kwa Kifaransa mwaka 1956. Aliyachunguza maneno ya Kinyarwanda yenye shina -ntu, akaona yanagawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, aliye na akili; ikintu, kisicho na akili; ahantu, mahali pamoja na wakati; ukuntu, namna kitu kilivyo. Aristotle alikuwa na mafungu kumi. Sasa geukia lugha yetu. Mtu na kitu tunavyo. Ukimvua mtu kiambishi ukamvika kingine unapata utu. Mahali tuliazima neno la Kiarabu, lakini ngeli ya PA haikuondoka: mahali pazuri, mahali pale. Halafu tazama: tunasema mbwa amelala, kuku ametaga, kwa upatanisho ule ule wa mtu. Wenye lugha hii wamemweka mnyama upande wa watu, angalau katika sarufi, na jambo hilo linastahili mjadala wa saa nzima.

Je, wajua kwamba kitabu kilichowasha mjadala wa falsafa ya Kiafrika kilichapwa Lubumbashi? Wakati huo mji uliitwa Elisabethville, mwaka ni 1945, mwandishi ni Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyeishi na Waluba wa Katanga. Alidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni nguvu: kinachokuwapo kina nguvu, na nguvu huongezeka au hupungua. Baadhi ya Waafrika walifurahi kuona Mzungu akikiri kwamba Mwafrika ana falsafa. Paulin Hountondji wa Benin hakuridhika. Yeye alisema falsafa si imani ya kabila zima aliyoikusanya mgeni. Ni hoja za mtu mwenye jina, anayejibishana na wenzake. Na hapa kuna jambo la kututia shauku wasemaji wa Kiswahili: kundi la kidini lililozaliwa baadaye kutokana na mafundisho ya Tempels huko Katanga liliitwa Jamaa.

Je, wajua kwamba “sasa” na “zamani” ni istilahi za falsafa zinazofundishwa vyuo vikuu vya dunia? Aliyezipeleka huko ni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alichambua lugha za Kikamba na Kikikuyu akasema kwamba wakati wa Mwafrika huenda nyuma: matukio hutoka katika sasa na kuzama katika zamani, na wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alibishiwa sana, na Kwame Gyekye wa Ghana ni mmoja wa waliombishia. Nami napenda kuongeza ushahidi wa Kiswahili mezani. Tuna kesho, tuna keshokutwa, tuna mtondo, tuna mtondogoo. Wazee wetu walihesabu siku za mbele kwa majina, moja moja.

Je, wajua kwamba unaweza kuamini jambo la kweli, ukawa na sababu nzuri, na bado usiwe unalijua? Saa ya ukutani inaonyesha saa mbili kamili. Umeitazama kila siku na haijawahi kukudanganya, basi unasema ni saa mbili. Na kweli ni saa mbili. Kumbe betri ilikufa jana usiku, nayo ilisimama hapo hapo. Je, ulijua saa, au uliotea tu? Mfano wa saa iliyosimama ni wa Bertrand Russell. Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier aliandika makala ya kurasa tatu yenye mifano ya jamii hiyo, akatikisa maelezo ya kale kwamba kujua ni kuamini jambo la kweli kwa sababu za haki. Kurasa tatu! Majibu yaliyoandikwa tangu hapo yanajaza makabati. Tawi hili linaitwa epistemolojia, nalo linauliza kujua ni nini na tunajuaje. Mwenye simu inayopokea taarifa za kusambazwa usiku na mchana analihitaji kuliko babu yake alivyolihitaji.

Je, wajua kwamba shaka iliyompa Descartes umaarufu mwaka 1641 ilikwisha kumtesa Al-Ghazali zaidi ya miaka 500 kabla? Masheikh wa pwani wanamjua kwa kitabu chake Ihya. Wachache wamesoma alivyojieleza akikosa pa kushika. Jicho, anasema, hukitazama kivuli na kukiona kimesimama, kumbe kinasogea kidogo kidogo. Hutazama nyota na kuiona kama sarafu, kumbe ni kubwa kuliko dunia. Kama macho yanadanganya hivyo, nani anathibitisha kwamba akili haidanganyi? Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad, kilichokuwa cha heshima kubwa, akaondoka. Baadaye Ibn Rushd wa Córdoba aliandika kitabu kizima kumjibu kwa niaba ya wanafalsafa.

Je, wajua kwamba mantiki na kunena ni ndugu? Neno mantiki kwa asili yake ya Kiarabu linatokana na kutamka, na logos ya Kigiriki ni neno na tena ni hoja. Mantiki hupima kama hitimisho linafuata kweli kutoka kwa yaliyotangulia. Kila ng'ombe ana mkia. Mnyama huyu ana mkia. Basi mnyama huyu ni ng'ombe. Sentensi mbili za mwanzo zinaweza kuwa kweli na ya tatu ikaanguka, kwa sababu punda naye ana mkia. Hotuba nyingi za kampeni zimejengwa juu ya mkia huo huo.

Je, wajua kwamba methali zetu zinapingana, na hapo ndipo kazi huanza? Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzee anayezitaja zote mbili hajakosea, mradi aweze kusema ipi inafaa lini, na kwa nini.

Je, wajua kwamba simu yako inaendeshwa na mantiki? George Boole, mtoto wa fundi viatu wa Lincoln aliyejisomea mwenyewe, alichapisha mwaka 1854 kitabu kinachoandika kanuni za kufikiri kwa alama za hesabu. Mwaka 1937 Claude Shannon, aliyekutana na mantiki hiyo katika darasa la falsafa, alionyesha kwamba inaweza kutendwa na swichi za umeme: imewashwa, imezimwa. Saketi za kompyuta zimejengwa juu ya wazo hilo.

Je, wajua kwamba Immanuel Kant alikataza uongo hata mbele ya muuaji? Katika insha ya mwaka 1797 alisema kwamba muuaji akibisha mlangoni akiuliza alipojificha rafiki yako, huna ruhusa ya kumdanganya. Maadili ndilo tawi linalouliza tutende nini na kwa nini, na hapa linauma kweli. Maana mlango huo ulibishwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, Zura Karuhimbi, mganga wa kienyeji, aliwaficha watu nyumbani kwake. Inaelezwa walizidi mia. Wauaji walipofika aliwatisha kwamba nyumba ina mizimu na wakiingia watakiona. Alidanganya, watu wakaishi. Miaka kumi na miwili baadaye Rwanda ilimtunuku nishani. Kant alikuwa na hoja nzito: uongo ukiruhusiwa kila mtu anapoona unafaa, hakuna neno litakaloaminika. Naiheshimu hoja hiyo, lakini nikiipeleka mbele ya mlango wa Karuhimbi haisimami. Utu unamdai mtu kwanza amlinde aliye chini ya kitanda, ukweli kwa mwenye panga unafuata baadaye.

Je, wajua kwamba swali maarufu la tramu iliyokatika breki ni la mwaka 1967? Aliliuliza Philippa Foot wa Uingereza: dereva akiiacha itawaua watano, akiigeuza itamuua mmoja. Afanyeje? Wanaopima kwa hesabu ya faida wanamfuata Jeremy Bentham, aliyefariki mwaka 1832. Kwa wasia wake, mifupa yake iliyovikwa nguo zake imewekwa hadi leo katika chuo cha University College London.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno lake kwa falsafa ya uzuri na sanaa? Ni ujumi. Huko Ulaya jina la tawi hilo lilitungwa na Mjerumani Alexander Baumgarten mwaka 1735. Ukimsikia mtu akisema taarabu ya zamani ilikuwa taarabu kweli na ya leo kelele, mwombe atoe sababu, nanyi mtakuwa mmeingia ujumi.

Je, wajua kwamba Mwafrika wa Axim, katika Ghana ya leo, alifundisha falsafa vyuo vikuu vya Ujerumani karne ya 18? Ni Anton Wilhelm Amo. Alipelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo, akasoma Halle na Wittenberg, akatetea tasnifu mwaka 1734 kuhusu akili na hisi za mwili, kisha akarudi kwao Afrika.

Je, wajua kwamba Augustine, mwalimu mkubwa wa Kanisa la Magharibi, alizaliwa mwaka 354 mahali palipo leo Souk Ahras, Algeria?

Je, wajua kwamba kitabu cha Newton cha mwaka 1687 kinajiita cha falsafa ya maumbile? Fizikia ilikuwa bado haijahama nyumbani. Ndiyo maana hadi leo msomi wa kemia au kilimo akifika juu kabisa hupewa shahada iitwayo kwa Kiingereza udaktari wa falsafa. Sisi tumeiita uzamivu, kutoka kwa mzamivu anayeshuka chini ya bahari kutafuta. Jina letu naliona bora.

Je, wajua kwamba nchini Ufaransa wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hufanya mtihani wa falsafa wa saa nne? Kwetu wengi hukutana na neno lenyewe chuo kikuu, kama wakibahatika kufika. Mtoto wa miaka sita anayeuliza kwa nini watu wanakufa ameshafungua somo. Kumngojesha miaka kumi na mitano ni kosa letu wakubwa.

Je, wajua kwamba Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwatafuta wanafalsafa vijijini? Kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake walikwenda kwa wazee wa Kenya, wengi wasiojua kusoma, wakakaa nao na kinasa sauti. Hakutaka kusikia tu kabila linaamini nini. Mzee alipomaliza kueleza mila, Oruka aliuliza: na wewe mwenyewe unaonaje? Mila hiyo ni sawa? Kwa sababu gani? Kuna waliorudia tu waliyorithi. Hao aliwaita wenye hekima ya kienyeji. Na kuna waliosema hapa mila yetu imekosea, wakatoa sababu. Hao aliwaita wanafalsafa. Mmoja wa wazee aliowahoji alikuwa baba yake mzazi. Mahojiano hayo yalitoka katika kitabu mwaka 1990, na kila mzee amewekwa kwa jina lake. Oruka alifariki mwaka 1995.

Alhamisi ya tatu ya kila Novemba ni Siku ya Falsafa Duniani, inayoadhimishwa na UNESCO tangu mwaka 2002. Msomaji, usiingoje. Kama una babu, bibi au jirani mzee, nenda ukakae naye jioni moja, umwamkie, uweke simu irekodi kwa ruhusa yake. Muulize kuhusu kifo, haki, ndoa au Mungu, na akimaliza kukwambia watu wanasemaje, muulize yeye anaonaje na kwa nini. Kisha andika jina lake, mahali na tarehe.